Amarillo College na vyuo vya jamii vya Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wasomaji wengi wa Kiswahili, hasa wale wenye ndugu Marekani, husikia vyuo vya jamii vikitajwa kwa dharau, kana kwamba ni mahali pa waliokosa nafasi ya chuo kikuu. Majibu yafuatayo yanahusu chuo kimoja, Amarillo College cha kaskazini mwa jimbo la Texas, ambacho mwaka 2023 kilitunukiwa tuzo kubwa kuliko zote katika elimu ya aina hii nchini humo. Nimekichagua kwa sababu hakikupata sifa hiyo kwa majengo wala kwa utafiti wa maabara, bali kwa kuwachunguza kwa makini wanafunzi wa mji wake na kukubali kwamba matatizo yao ya nyumbani ni sehemu ya kazi ya chuo.

Chuo cha jamii ni chuo cha namna gani?

Ni chuo cha umma kilichofungamana na eneo fulani, na ambacho hupokea karibu kila mtu aliyemaliza sekondari bila kumshindanisha na wengine. Mwanafunzi anaweza kusoma hapo masomo ya miaka miwili ya kwanza ya chuo kikuu, kisha akahamia chuo kikuu kumalizia shahada yake. Mwingine huja kutafuta cheti cha ufundi kwa miezi michache, na mwingine, mtu mzima mwenye kazi na watoto, huja jioni kujifunza Kiingereza au kukamilisha elimu aliyoiacha njiani. Kwa msomaji wa Tanzania, ni kama chuo cha VETA, chuo cha maendeleo ya wananchi na miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu vimewekwa chini ya bodi moja.

Kikongwe kuliko vyote vya umma ni Joliet Junior College cha jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Tume ya elimu ya juu iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza mwaka 1947 kwamba vyuo vya aina hii vienezwe nchi nzima, na tangu hapo jina la chuo cha jamii likashika. Leo vimepita elfu moja. Jill Biden alifundisha Kiingereza katika Northern Virginia Community College hata wakati mumewe alipokuwa rais, na akawa mke wa kwanza wa rais kuendelea na ajira ya mshahara nje ya Ikulu. Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba walimu wa vyuo hivi ni waliokosa pa kwenda.

Amarillo iko wapi, na ni mji wa namna gani?

Iko katika eneo la Texas linaloitwa Panhandle, ile sehemu ya mraba inayochomoza juu ya ramani ya jimbo kati ya New Mexico na Oklahoma. Ni nchi tambarare, kavu na yenye upepo usiokoma. Mji wenyewe una wakazi wapatao laki mbili. Dallas iko zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, kwa hiyo Amarillo hujitegemea kwa mengi, na ndiyo hospitali, soko na shule ya vijiji na miji midogo inayouzunguka.

Uchumi wake ni wa ng'ombe, viwanda vya nyama, mafuta na gesi, umeme wa upepo, na viwanda viwili visivyo vya kawaida: Pantex, ambako silaha za nyuklia za Marekani huunganishwa na kufunguliwa, na kiwanda cha Bell ambako ndege za kijeshi aina ya V-22 Osprey zimekuwa zikiunganishwa. Mji wenye shughuli hizi zote unahitaji wauguzi, mafundi wa umeme, wachomeleaji, polisi na walimu. Mji ulio mbali kiasi hiki hauwezi kutegemea kwamba wataalamu watahamia kutoka pengine; lazima uwafundishe wenyeji wake, na anayewafundisha kwa sehemu kubwa ni chuo hiki.

Chuo kilianza lini, na nani hukigharamia?

Kilianza mwaka 1929, na aliyekipigania zaidi alikuwa mfanyabiashara wa mjini, George Ordway, ambaye aliamini kwamba chuo cha miaka miwili kingeufaa mji kuliko chuo kikuu. Fedha zake hutoka katika mafungu manne: kodi ya majengo na ardhi inayolipwa na wakazi wa wilaya ya chuo, ruzuku ya jimbo, ada ya wanafunzi, na misaada ya serikali ya shirikisho ambayo kwa kawaida hupitia mikononi mwa wanafunzi wenyewe. Wajumbe wa bodi huchaguliwa kwa kura na wananchi wa eneo.

Jambo hili la kodi na kura lina uzito. Mtu anayelipa kodi ya nyumba yake ana haki ya kuuliza kwa nini nusu ya vijana wanaoingia chuoni hawatoki na cheti. Texas ina wilaya 50 za vyuo vya jamii, na mwaka 2023 bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyobadilisha jinsi vinavyopewa fedha. Zamani ruzuku ilifuata zaidi idadi ya saa ambazo wanafunzi wameandikishwa darasani. Sasa sehemu kubwa hufuata matokeo, yaani waliohitimu, waliopata vyeti vyenye thamani katika soko la ajira na waliohamia vyuo vikuu. Amarillo ilikuwa imeanza kujipima kwa matokeo hayo miaka mingi kabla ya sheria kuwalazimisha wengine.

Kinafundisha nini?

Uuguzi na fani nyingine za afya, uchomeleaji, ufundi wa injini za dizeli, matengenezo ya ndege, mafunzo ya polisi na zimamoto, biashara, na masomo ya jumla kwa wanaotaka kuendelea na shahada. Wengi wa hao wa mwisho huhamia West Texas A&M University iliyoko Canyon, mji mdogo ulio kusini tu ya Amarillo. Chuo kina matawi pia katika miji ya Hereford na Dumas, kinaendesha kituo cha televisheni ya umma cha eneo hilo, na jumba la sanaa la mji limo ndani ya kampasi yake kuu ya Washington Street.

Ni nini hasa kilichobadilika katika miaka ya 2010?

Hapa ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Russell Lowery-Hart alifika chuoni mwaka 2010 kama makamu wa mkuu wa chuo upande wa taaluma, na mwaka 2014 akawa mkuu wa chuo. Wakati huo wanafunzi wengi walikuwa wanaanza na wachache tu wanamaliza, na maelezo yaliyozoeleka yalikuwa yale yale yanayotolewa kila mahali: hawakuandaliwa vizuri sekondari, hawajui hesabu, hawana bidii. Uongozi ukaamua kuwauliza wanafunzi wenyewe ni kitu gani kinachowaangusha.

Walimu walitarajia majibu ya darasani. Majibu waliyoyapata yalikuwa mengine kabisa: chakula, kodi ya pango, usafiri, malezi ya watoto, bili za umeme na maji, matibabu, msongo wa mawazo, mashauri ya kisheria. Katika vikwazo kumi vilivyotajwa zaidi, hakuna hata kimoja kilichokuwa cha kitaaluma. Mwanafunzi hakufeli hesabu kwa sababu hesabu ilimshinda. Aliacha kuja kwa sababu gari liliharibika na hakuwa na fedha za kulitengeneza, na katika mji ambao mabasi ni machache na umbali ni mkubwa, gari likifa, masomo nayo hufa.

Naona ujasiri wa chuo hiki uko katika hatua iliyofuata. Vyuo vingi vingepokea majibu hayo, vikasikitika, na kusema kwamba mambo ya umaskini ni ya serikali, makanisa na mashirika ya misaada. Amarillo ilisema kwamba ikiwa hivyo ndivyo vinavyowazuia wanafunzi kuhitimu, basi ni kazi ya chuo. Mpango uliozaliwa hapo ukapewa jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kulieleza kuwa ni mpango wa kukabili umaskini bila visingizio, na visingizio vilivyokataliwa vilikuwa vya chuo, si vya mwanafunzi.

Lowery-Hart mwenyewe alishiriki zoezi la mwishoni mwa juma katika mji wa Waco, ambapo washiriki huachwa mitaani kama watu wasio na makazi, wakalala nje katika baridi na kutafuta chakula kwa njia wanazozitumia maskini. Wapo wanaoona mazoezi kama haya kuwa ya maonyesho. Kwa maoni yangu, kiongozi aliyewahi kutembea siku nzima akitafuta choo cha kutumia hupanga saa za kufungua ofisi kwa namna tofauti na ambaye hajawahi.

"Maria" ni nani, na kwa nini anatajwa sana?

Maria si mtu mmoja. Ni sura ya mwanafunzi wa kawaida wa Amarillo College, iliyochorwa kutokana na takwimu za chuo: mwanamke mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, wa kwanza katika ukoo wake kufika chuoni, mwenye umri wa miaka 27, mwenye mtoto, anayefanya kazi mbili na kusoma kwa muda. Chuo kilimpa jina ili kila uamuzi upimwe kwake.

Tuchukue mfano mdogo. Ofisi ya ushauri wa masomo ikifunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, mtu wa miaka 19 anayeishi kwa wazazi wake hataona tatizo. Maria yuko kazini saa hizo zote. Akipewa fomu yenye kurasa nyingi inayotaka kujazwa kwenye kompyuta, atahitaji kompyuta ambayo hana na saa mbili ambazo mtoto amelala. Akiambiwa kitabu cha kozi kinauzwa dola 200, atajiunga na kozi bila kitabu, na atakuwa nyuma tangu juma la kwanza. Hakuna hata moja kati ya haya linalohusu akili yake. Mara walimu na makarani walipoanza kuuliza "Maria ataliwezaje hili?" katika vikao vyao, taratibu nyingi zilizokuwepo kwa mazoea tu zilikosa mtetezi.

Wapo wanaosema kwamba kumpa mwanafunzi wa kubuni jina na kabila ni kuwaweka watu wote katika kapu moja, na hoja hiyo ina ukweli wake, kwa kuwa katika chuo hicho hicho wamo vijana wa mashambani wasio na asili hiyo na wakimbizi kutoka Burma na Somalia waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya nyama. Hata hivyo, taratibu iliyorahisishwa kwa ajili ya mama mwenye kazi mbili huwarahisishia karibu wote hao.

Kituo cha Utetezi na Rasilimali hufanya nini?

Ni kituo cha Amarillo College kilichofunguliwa mwaka 2016, na ndicho mlango mmoja ambao mwanafunzi mwenye shida huelekezwa. Ndani yake kuna stoo ya chakula, nguo, na maofisa ustawi wa jamii ambao kazi yao ni kukaa na mwanafunzi, kusikiliza, na kutafuta nani mjini anaweza kusaidia.

Mtu anayepitia hapo kwa mara ya kwanza haji na maneno mengi. Pengine amekuja kuchukua tambi, maharage ya kopo na nepi kabla ya kwenda zamu ya usiku. Ofisa akimwuliza habari za nyumbani, ndipo inapojulikana kwamba umeme utakatwa Ijumaa, kwamba mwenye nyumba ametoa notisi, na kwamba mtihani ni Jumatatu. Chuo kina mfuko wa dharura unaochangiwa na wafadhili wa mjini, na ubora wake uko katika kasi: fedha hulipwa haraka, mara nyingi moja kwa moja kwa kampuni ya umeme au kwa mwenye nyumba, kwa sababu msaada unaoidhinishwa baada ya wiki sita humkuta mwanafunzi ameshaacha chuo. Kwa mambo mengine, kama ushauri nasaha, mashauri ya kisheria au kituo cha kulelea watoto, mwanafunzi huunganishwa na huduma ya chuo au shirika la mjini linalohusika.

Jambo la pili lililofanya kituo kifanikiwe ni kwamba chuo hakingoji mwanafunzi ajitokeze. Watu huona aibu kuomba. Kwa hiyo chuo hutazama kumbukumbu zake, kikaona nani ana kipato cha chini, na kuwaandikia barua pepe za wazi zinazosema kituo kipo, kiko wapi, na kwamba kupita hapo ni jambo la kawaida. Watafiti walipolinganisha wanafunzi waliopokea ujumbe wa namna hii na wasioupokea, waliona kwamba waliopokea walikitumia kituo zaidi na walifaulu zaidi masomo yao ya maandalizi, yaani yale ya hesabu na Kiingereza kwa walioonekana dhaifu. Ujumbe mfupi wa barua pepe haugharimu kitu, na ukitumwa kwa wakati, humfikia mtu kabla hajakata tamaa.

Je, kugawa chakula na kulipa bili ni kazi ya chuo kweli?

Swali hili huulizwa kila mara, na hata wakazi wa Amarillo, ambao kwa sehemu kubwa ni wahafidhina wa siasa wasiopenda misaada isiyo na mwisho, wameliuliza. Jibu la chuo lilikuwa la kihesabu kabla ya kuwa la huruma. Jimbo, wilaya na mwanafunzi wameshatumia maelfu ya dola kumfikisha katika muhula wa tatu. Akiacha chuo kwa ajili ya bili ya dola 150, fedha zote hizo zimepotea, na mji umempoteza muuguzi.

Mimi naongeza sababu nyingine. Chuo kinachomdahili mtu kwa kujua kwamba hana chakula, kikachukua ada yake, kisha kikamwacha aanguke, hakiwezi kusema kwamba hakihusiki na anguko hilo.

Ukosoaji wenye nguvu zaidi ni ule unaosema kwamba vyuo vinabebeshwa mzigo ambao sera ya taifa ya makazi, afya na malezi ya watoto imeushindwa, na kwamba stoo ya chakula chuoni inaweza kuficha ukubwa wa tatizo. Ni kweli. Hakuna chuo kitakachomaliza umaskini wa Marekani kwa makopo ya maharage, na wanaoendesha kituo hiki wanalijua hilo kuliko sisi. Lakini mwanafunzi wa muhula huu hawezi kusubiri sera ibadilike.

Masomo yenyewe yalibadilishwa, au ni huduma za ustawi tu?

Yalibadilishwa sana, na ni kosa kuisimulia habari ya Amarillo kana kwamba ni ya chakula peke yake. Badiliko kubwa lilikuwa kuzigeuza kozi nyingi kutoka muhula wa wiki 16 kuwa vipindi vya wiki nane. Wazo hilo walilipata kwa jirani yao, Odessa College, chuo kingine cha magharibi mwa Texas kilichochukua hatua hiyo mwaka 2014.

Kwa nini wiki nane? Mwanafunzi anayebeba kozi nne kwa wiki 16 ana mitihani minne, walimu wanne na makataa manne yanayomjia pamoja. Akibeba kozi mbili kwa wiki nane, kisha mbili nyingine, mzigo wa mwisho wa muhula ni ule ule, ila akili yake imegawanyika mara mbili badala ya mara nne. Faida ya pili ni ya watu wenye maisha yasiyotabirika: mtoto akiugua katika wiki ya sita, mwanafunzi hupoteza kozi mbili, si muhula mzima, na anaweza kuanza tena baada ya wiki chache. Gharama yake ni kasi. Juma moja la kukosa darasa katika kozi ya wiki nane ni pengo kubwa, na mwalimu lazima apange upya somo lote, si kulibana tu.

Badiliko lingine lilihusu masomo ya maandalizi ya hesabu na Kiingereza. Zamani, aliyeonekana dhaifu alipelekwa katika mlolongo wa kozi zisizohesabiwa kuelekea cheti, na wengi waliishia humo. Sheria ya Texas ya mwaka 2017 iliagiza vyuo vya jimbo viwaweke wanafunzi wengi wa aina hiyo katika kozi halisi ya chuo huku wakipewa msaada wa ziada sambamba nayo. Amarillo haikuwa peke yake katika hili.

Matokeo yameonekana?

Yameonekana. Katika muda wa takriban muongo mmoja, sehemu ya wanafunzi wanaohitimu au kuhamia chuo kikuu ndani ya miaka mitatu imeongezeka zaidi ya maradufu. Mwezi Aprili 2023, chuo kilitangazwa mshindi wa Tuzo ya Aspen ya ubora wa vyuo vya jamii, kwa pamoja na Imperial Valley College cha California, chuo kingine kilichoko katika bonde la wakulima karibu na mpaka wa Meksiko.

Tuzo hii ilianza mwaka 2011, na mshindi wake wa kwanza alikuwa Valencia College cha Orlando, Florida. Hutolewa kila baada ya miaka miwili na taasisi ya Aspen, shirika lisilo la kiserikali la Marekani. Waamuzi hawaangalii sifa za waliodahiliwa, kwa sababu vyuo hivi huwapokea wote; huangalia waliojifunza, waliohitimu, waliohamia vyuo vikuu na kumaliza shahada huko, mishahara yao baada ya kutoka, na kama wanafunzi maskini na wa jamii zilizobaguliwa wanafanikiwa sawa na wengine. Orodha nyingi za vyuo bora duniani huvisifu kwa jinsi vinavyowakataa waombaji. Kipimo cha Aspen kinanivutia kwa sababu kinauliza chuo kimemfanyia nini yule kilichompokea.

Chuo cha mji wa pembezoni kinawezaje kuongoza nchi nzima?

Kwa kuigwa. Hakuna wizara inayoviamuru vyuo vya jamii vya Marekani vifanye nini. Kila jimbo na kila wilaya hujiamulia. Kwa hiyo wazo husafiri kwa mtu kwenda kuona. Odessa ilijaribu wiki nane, Amarillo ikaiga, wengine wakaja Amarillo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mpango wa ASAP wa Chuo Kikuu cha Jiji la New York, ulioanza mwaka 2007 katika vyuo vyake vya jamii: mwanafunzi anayekubali kusoma muda wote hupewa mshauri wa karibu, nauli ya treni na basi, vitabu, na kulipiwa sehemu ya ada inayobaki baada ya misaada mingine. Utafiti uliowagawa wanafunzi kwa bahati nasibu ulionyesha kwamba waliokuwa ndani ya mpango walihitimu ndani ya miaka mitatu kwa asilimia 40, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Vyuo vya Ohio viliuchukua na kupata matokeo yanayokaribiana. Tennessee nayo, kwa sheria ya mwaka 2014, iliwapa wahitimu wote wa sekondari nafasi ya kusoma chuo cha jamii bila ada, na majimbo mengine yakafuata.

Mchango wa pekee wa Amarillo katika mlolongo huo ni kuonyesha kwamba huduma za ustawi na mageuzi ya ratiba vinaweza kuendeshwa pamoja, katika chuo kisicho na fedha za New York, katika eneo ambalo wapiga kura wake hubana matumizi. Mwaka 2023 Lowery-Hart aliondoka kwenda kuongoza Austin Community College, chuo cha jamii cha mji mkuu wa Texas, na mwaka uliofuata chuo hicho kikaanza mpango wa kuwasomesha bila ada wahitimu wapya wa sekondari wa eneo lake.

Ni mji wenyewe uliofaidika, au ni sifa tu?

Faida ya mji haionekani katika tuzo bali katika wodi za hospitali na karakana. Mtu aliyekuwa akikata nyama kiwandani kwa mshahara wa saa, akapata leseni ya uuguzi, hubadilisha kipato cha nyumba nzima, na kwa kawaida hubaki hapo hapo, kwa sababu familia yake ipo hapo. Chuo kikuu cha mbali huwachukua vijana wenye uwezo na mara nyingi hakiwarudishi. Chuo cha jamii huwafundisha wakiwa wanaishi nyumbani. Kwa mji ulio mbali na kila kitu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kliniki ya Dumas itakuwa na muuguzi au haitakuwa naye.

Gharama ni kiasi gani?

Kwa wastani wa nchi nzima, ada ya mwaka kwa mkazi wa eneo la chuo cha jamii ni takriban dola 4,000, kiasi kidogo sana ukilinganisha na vyuo vikuu. Huko Texas ada hupangwa kwa ngazi: mkazi wa wilaya ya chuo hulipa kidogo kuliko wote, anayefuata ni mkazi wa jimbo aliye nje ya wilaya, na wa mwisho ni mtu wa jimbo au nchi nyingine. Mwanafunzi wa kipato cha chini anayestahili anaweza kupata ruzuku ya shirikisho iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395, na ambayo hairudishwi kama mkopo. Mara nyingi inatosha kulipa ada yote na kubakiza kitu cha vitabu na nauli.

Mimi ni Mkongomani ninayeishi Marekani na ninazungumza Kiswahili. Nianzie wapi?

Katika miaka ya kabla ya 2025 Wakongomani walikuwa miongoni mwa makundi makubwa ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walipelekwa katika miji ya kati yenye chuo cha jamii. Anza na chuo cha eneo unaloishi, si kile kinachosifiwa zaidi, kwa sababu ada nafuu inategemea makazi. Uliza kwanza kama kuna madarasa ya Kiingereza kwa watu wazima, ambayo mara nyingi hutolewa bure au kwa bei ndogo. Kisha nenda ofisi ya misaada ya fedha, ukiwa na hati zako za uhamiaji na za kodi, uulize unastahili nini kwa hadhi uliyo nayo sasa. Usitegemee alichoambiwa jirani, kwa kuwa masharti hutofautiana na hubadilika. Kama una vyeti vya shule ya nyumbani, vipeleke hata kama viko kwa Kifaransa. Usikubali mtu binafsi akutoze fedha kukujazia fomu ya misaada. Fomu hiyo ni ya bure, na chuo kina watu wa kukusaidia kuijaza.

Nikikosa kujiandikisha mwezi Agosti, nimepoteza mwaka?

La. Katika vyuo vinavyofuata vipindi vya wiki nane, kundi la pili la kozi za muhula wa vuli huanza mwezi Oktoba, na mengine hufuata baada ya mwaka mpya. Mpigie mshauri wa masomo mwezi wa Septemba ili faili lako la misaada liwe tayari kabla ya siku hiyo.